Watoto wa Mulago na Elimu ya Damu

Tabibu wa damu na saratani za watoto ni bingwa wa kazi mbili ambazo mtu wa kawaida huziona ziko mbalimbali, kwani upande mmoja humtibu mtoto aliyepungukiwa na damu, au aliyerithi selimundu, au ambaye jeraha lake dogo halikomi kuvuja, na upande wa pili humtibu mtoto mwenye saratani. Lakini damu hutengenezwa katika uboho wa mifupa, na saratani nyingi zinazowashika watoto huanzia humo humo au katika mitoki, hata ikawa ajuaye habari za moja hana budi kuijua na ya pili. Tarehe ya taaluma hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba yote ilitendeka Boston na London. Mimi naona insafu inataka isimuliwe pia kutoka Kampala, Jinja na Nairobi, maana ni katika miili ya watoto wa Afrika ya Mashariki, na kwa subira ya mama zao, ulimwengu uliposoma mambo mawili makubwa: kwamba kasoro ya damu yaweza kumkinga mtu na malaria, na kwamba uvimbe wa saratani waweza kuyeyuka kwa dawa peke yake, bila ya kisu.

Maradhi yenyewe hayakuwa mageni. Albert Cook, aliyefika Uganda mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo, aliacha madaftari yenye habari za wagonjwa wake, na watafiti walioyafungua katika miaka ya 1960 waliwakuta humo watoto wenye uvimbe wa mataya, wameelezwa miongo mingi kabla uvimbe huo haujapewa jina linalojulikana leo. Kadhalika upungufu wa damu ulikuwa jambo la kila siku katika zahanati za bara na za pwani. Mama alikuja na mtoto ambaye viganja vyake na ndani ya kope zake vimekuwa vyeupe, pumzi zinamwenda mbio, macho yana umanjano na bandama limevimba upande wa kushoto wa tumbo, naye akahesabiwa kuwa ni mgonjwa wa malaria au wa safura. Mara nyingi ndivyo alivyokuwa, na kwa sababu mara nyingi ndivyo alivyokuwa, yule mwenye maradhi ya tatu alisitirika katikati ya wenzake, akazikwa kwa jina la ugonjwa usiokuwa wake.

Maradhi hayo ya tatu ni selimundu. James Herrick, tabibu wa Chicago, aliyaeleza katika jarida la utabibu mwaka 1910, baada ya kuonekana katika damu ya kijana wa Grenada aliyekwenda huko kusomea udaktari wa meno chembe nyekundu nyembamba zilizopinda kama mundu. Na kwa miaka mingi baadaye wengi waliamini kwamba huo ni ugonjwa wa Wamarekani weusi, na kwamba Afrika yenyewe, kwa muujiza fulani, imesalimika nao. Hapakuwa na muujiza. Watoto wa Afrika wenye ugonjwa huo walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano, wala hapakuwa na mtu wa kuwapima damu.

Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza hesabu walizozipata Uganda, kwamba miongoni mwa Baamba, wanaokaa chini ya milima ya Ruwenzori karibu na mpaka wa Kongo, watu kama 45 katika kila 100 walikuwa na asili ya selimundu katika damu zao bila ya kuugua, ilhali katika makabila mengine ya nchi hiyo hiyo watu wa namna hii walikuwa wachache mno. Mwaka huo huo Linus Pauling na wenzake walithibitisha huko California kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya watu wengine, ukawa ndio ugonjwa wa kwanza kufuatwa mpaka kwenye molekuli moja iliyoharibika. Na James Neel akaonyesha jinsi unavyorithiwa, kwamba aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, na aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Kwa hiyo mume na mke walio wazima wa afya, kama wote wawili wanayo asili hiyo, kila mimba yao ina hatari moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Hapo likazuka swali. Ikiwa watoto wagonjwa hufa kabla ya kuoa wala kuolewa, mbona asili hiyo haikutoweka kwa kupita vizazi, bali imestawi hata karibu nusu ya kabila zima wanayo? Aliyelijibu ni Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya katika shamba la baba yake karibu na Gilgil kabla ya kwenda Oxford kusomea utabibu. Katika safari ya mwaka 1949 alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Kipimo chenyewe ni chepesi: tone la damu huwekwa juu ya kipande cha kioo, likafunikwa kwa kioo kingine chembamba ili lisipate hewa, na baada ya muda, chini ya hadubini, chembe zilizokuwa mviringo hujikunja na kuota ncha mbili kama asili hiyo imo. Allison aliona kwamba wenye chembe hizo walikuwa wengi katika pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako malaria haikatiki mwaka mzima, na wachache kabisa katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1953 alirudi kutafuta ithibati. Huko Nairobi wanaume 30 wa Kijaluo walijitolea kuambukizwa malaria, 15 wakiwa na asili ya selimundu na 15 wakiwa hawana. Katika wasiokuwa nayo 14 walionekana na vimelea, na katika waliokuwa nayo 2 tu. Kisha akapima watoto 290 karibu na Kampala, akakuta vimelea katika damu za watoto kama 46 kwa kila 100 wasiokuwa na asili hiyo, na kama 28 kwa kila 100 wenye nayo. Habari hizi zilitangazwa mwaka 1954, na tangu hapo hakuna kitabu cha urithi wa viumbe kinachostahili kusomwa kisichozitaja. Jaribio la Nairobi lisingepata idhini leo kwa wepesi, na kwa maoni yangu majina ya watu wale 30 yalistahili kuandikwa karibu na jina la Allison.

Uvimbe wa mataya una habari ndefu zaidi, nami nitakaa nazo.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, tabibu wa hospitali ya Mulago mjini Kampala ambaye jina lake limefungamana pia na utafiti wa unyafuzi, alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba mataya yote mawili, la juu na la chini, kuume na kushoto. Burkitt alikuwa mtu wa Enniskillen huko Ireland, aliyepoteza jicho moja katika utoto wake, na aliyeingia Uganda mwaka 1946 baada ya vita. Alimtazama mtoto asijue alicho nacho. Usaha wa mfupa huanza mahali pamoja, na saratani kadhalika, ilhali huu ulikuwa mahali panne kwa wakati mmoja. Alimpiga picha, kwani kupiga picha ilikuwa desturi yake, wala hakuwa na dawa ya kumpa. Baada ya muda si mwingi alikuwa Jinja akizungukia wagonjwa, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine ameketi nje kwenye majani pamoja na mama yake, uso umevimba vile vile. Mgonjwa mmoja aliweza kuwa nasibu. Wa pili alimwondolea raha. Alitoka akaenda kumpima, akampapasa tumbo na kukuta uvimbe na humo, akawachukua mama na mtoto mpaka Kampala.

Kampala ilikuwa na daftari la saratani lililoanzishwa mwaka 1951 kwa juhudi za Jack Davies, mtaalamu wa kuchunguza maiti na vipande vya nyama, na daftari hilo, ambalo mtu mwepesi wa kuhukumu angeliona ni karatasi za kujaza kabati, ndilo lililomfungulia Burkitt njia. Alipochungua kumbukumbu za watoto waliokufa aliona kwamba wengi walioandikiwa majina mbalimbali ya saratani, kwa kufuata kiungo kilichovimba, walikuwa na ugonjwa mmoja: wenye uvimbe wa taya walikuwa nao pia katika mafigo, katika ini, au katika ovari kama ni wasichana, na saratani hiyo peke yake ilizishinda saratani nyingine zote za watoto kwa wingi. Mwaka 1958 aliandika habari za watoto 38. Baada yake Gregory O'Conor na Davies walibainisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya zile chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kumlinda mtu na maradhi. Kwa hivyo mpasuaji alikuwa ameingia katika milki ya tabibu wa damu bila ya kukusudia.

Baba yake Burkitt alikuwa mhandisi wa barabara ambaye wakati wa faragha aliwafunga ndege pete za miguu na kuchora ramani ya mipaka ya kila ndege katika bustani yake. Na mwana, alipotaka kujua ugonjwa huu unakaa wapi, alifanya kama baba. Kwa msaada wa pauni chache za serikali alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa hospitali za Afrika nzima akiuliza kama wameona mfano wake, na majibu akayatia alama katika ramani iliyotundikwa ukutani. Ukaonekana ukanda uliokatiza bara la Afrika kaskazini na kusini ya ikweta, wenye mkia ulioteremka pwani ya mashariki mpaka Msumbiji. Ili kuujua mpaka wake wa kusini, mwezi wa Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na matabibu wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari la Ford la mwaka 1954 lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri kwa majuma kumi, maili 10,000, wakipitia Tanganyika na nchi za kusini, na kuingia katika hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali walitoa picha zile zile na kuuliza swali lile lile. Wamishonari na wauguzi wa mashambani, ambao hakuna jarida lililopata kuwauliza neno, walikuwa na jibu, na ni majibu yao yaliyokamilisha ramani.

Ramani ilionyesha kwamba karibu na ikweta ugonjwa haupandi juu ya futi 5,000, kwamba nyanda za juu za Kenya na za Rwanda na Burundi zimesalimika, na kwamba kadiri mtu anavyokwenda kusini ndivyo mpaka wake unavyoshuka chini. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi huko Entebbe, alipoitazama alifahamu kwamba kinachoamua ni joto na mvua: mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi, au mvua ya mwaka haifiki inchi 20, hapana uvimbe wa mataya. Hiyo ndiyo mipaka ya mbu. Saratani inayofuata mipaka ya mdudu lilikuwa jambo lisilopata kusikiwa.

Kabla ya safari hiyo, mwezi wa Machi 1961, Burkitt alikuwa amehutubia katika hospitali ya Middlesex mjini London, na katika wasikilizaji wake alikuwamo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, ambaye hata kabla hotuba haijaisha aliazimia kukitafuta kirusi katika uvimbe huo. Vipande vya nyama vilivyokatwa Kampala vikawa vinapelekwa London kwa ndege. Kwa miaka karibu mitatu hakupata kitu. Siku ya tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyochukua kipande kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikatua Manchester, na kichupa kilipofika kwa Epstein jioni maji yake yalikuwa yamechafuka, hata mtu angeyadhania yameoza na kuyamwaga. Aliyatia chini ya hadubini kwanza. Kumbe uchafu ule ulikuwa chembe hai za saratani zilizokatika kwa kutikiswa njiani na kuelea huru, na ndizo za kwanza kukubali kuoteshwa nje ya mwili wa mgonjwa. Mwaka 1964 yeye na Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, walitangaza kwamba ndani ya chembe hizo wamekiona kirusi, na hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusika na saratani ya binadamu. Kimeitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Mtoto wa Uganda aliyekatwa kipande kile hana jina katika habari hii.

Baadaye ilidhihirika kwamba kirusi hicho kimo katika miili ya watu walio wengi duniani wala hakiwadhuru sana, basi ikabidi kueleza kwa nini kinaleta uvimbe huku na si kwingine. Na jibu, ambalo limeendelea kuthibitishwa, ni malaria inayorudia rudia tangu uchangani na kuzichosha chembe za kinga, hata zinapojigawa kwa haraka hukosea, na kipande cha kromosomu ya 8 huhamia aghalabu katika kromosomu ya 14. Wilayani West Nile, Uganda, watoto 42,000 walitolewa damu katika miaka ya 1970 ili kulithibitisha fungu la kirusi, na katika mkoa wa Mara, Tanzania, watoto walipewa vidonge vya klorokwini kuanzia mwaka 1977 ili kulijaribu fungu la malaria. Kwa hiyo mbu yule yule aliyeistawisha selimundu katika damu za watu wetu ndiye anayeiandalia njia saratani ya mataya.

Sasa nije kwenye tiba, ambayo ndiyo sababu ya mimi kushika kalamu. Huko Boston, Sidney Farber alikuwa ameonyesha mwaka 1948 kwamba watoto 10 katika 16 wenye saratani ya damu walipata nafuu kwa dawa inayozuia kazi ya foliki, lakini nafuu ile haikudumu, ugonjwa ukarudi, na watoto wakafa. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu cha Burkitt, kwa ungamo lake, hakikufaa kitu katika uso uliovimba pembe nne. Joseph Burchenal wa New York na wenzake wakaleta dawa. Burkitt akazitumia Kampala, na Peter Clifford akazitumia Nairobi. Mtoto alichomwa sindano, pengine moja, pengine mbili, na katika siku chache uvimbe uliokuwa umemziba jicho na kumsukuma meno nje ya fizi ulianza kunywea, na baada ya majuma machache uso ukarejea kuwa uso. Wazazi walipouona uso huo walimchukua mtoto wao wakaenda zao kijijini, ilhali daktari alitaraji kuendelea na dawa. Na wengine walipofuatwa miaka kadhaa baadaye walikutwa hai na wazima, wamepona kwa dozi moja au mbili. Mwaka 1967 Burkitt aliandika habari zao. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kwa saratani yenye uvimbe kuponywa kwa dawa tupu, na matumaini ya tiba ya saratani za watoto kokote duniani yalipata nguvu kutoka hapo.

Mwaka huo huo, kwa msaada wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa John Ziegler. Tuzo ya utabibu ya Lasker ya mwaka 1972 iliwafikia Burkitt, Burchenal, Ziegler na Mwafrika V. Anomah Ngu wa Kamerun, pamoja na wengine. Lakini mwaka huo ndio uliokuwa wa dhiki kwa Uganda chini ya Idi Amin. Wageni waliondoka, vifaa vikaadimika, na kituo kikabaki mikononi mwa Charles Olweny, mzalendo wa nchi hiyo, ambaye pamoja na wauguzi wake hakukifunga. Kuvumbua ni fadhila kubwa. Lakini kuendelea kumtundikia mtoto dawa wakati dawa haipatikani, mshahara haununui kitu na askari wako njiani, ni fadhila ambayo mimi naiona kubwa zaidi, na haikupewa tuzo.

Je, matunda ya elimu hii yamewarudia walioitoa? Katika nchi tajiri watoto kama 9 katika 10 wenye saratani hii, iitwayo leo limfoma ya Burkitt, hupona, ilhali katika nchi nyingi za Afrika wanaopona ni nusu au pungufu ya nusu, kwa kuwa hufika wamechelewa, au nauli ya kurudi kwa dozi ya tatu haikupatikana, au dawa imekwisha. Dawa ya haidroksiyurea ilithibitika kuwafaa watu wazima wenye selimundu huko Marekani mwaka 1995, na ilitubidi kungoja mpaka mwaka 2019 ndipo utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto zaidi ya 600 ulipothibitisha kwamba inawafaa na watoto wa Afrika, kwamba hupunguza maumivu, hupunguza haja ya kuongezewa damu, hupunguza vifo, na hata malaria huipunguza. Si haba kwamba hospitali ya Muhimbili huko Dar es Salaam imewaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu tangu mwaka 2004, na kwamba Uganda ilizipima upya damu zilizokaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kupima UKIMWI wa watoto wachanga, ikajua kuwa kama 13 katika 100 wana asili ya selimundu. Hata hivyo mtoto anayezaliwa leo katika zahanati ya mashambani, iwe Bundibugyo ya Uganda au Mara ya Tanzania, aghalabu hutoka na kadi ya chanjo asipimwe damu hiyo, na tone la kisigino halina gharama ya kuzishinda serikali zetu. Nawaomba wenye mamlaka ya afya walifanye jambo hili liwe la kawaida kama chanjo.

Na wewe mzazi unayesoma, nina neno moja kwako. Ukiona meno ya mtoto wako yanalegea kabla ya wakati wake, fizi zinavimba upande mmoja, jicho linatoka nje au tumbo linajaa kwa haraka, usimpeleke kung'olewa jino wala usingoje sikukuu ipite, kwa sababu chembe za uvimbe huu huongezeka maradufu katika muda wa siku moja au mbili. Mfikishe hospitali kubwa yenye tabibu wa damu na saratani za watoto katika juma hilo hilo, na ukishamfikisha, usimtoe kwa sababu uvimbe umenywea. Ngoja mpaka amalize dozi zote.